Mizigo ya Msafara wa Umra kwa Ndege: Matatizo Yanayojitokeza, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyatatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa misafara midogo ya Umra, ile ya watu kumi na tano hadi thelathini, inayotoka Tanzania kwenda Jedda au Madina kwa ndege ya kuunganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au mji mwingine. Hauanzi na orodha ya vitu vya kubeba, kwa sababu orodha hiyo kila wakala anayo na kila msafiri hupewa nakala yake. Unaanza na tatizo lenyewe kama linavyoonekana kaunta, kwenye mkanda wa mizigo au hotelini, kisha unarudi nyuma kutafuta lilikozaliwa. Mara nyingi utakuta lilizaliwa nyumbani, siku mbili tatu kabla ya safari, katika kitu ambacho kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayekishughulikia.

Mizani inakataa begi moja wakati msafara mzima una kilo za kubaki

Watu 22 wameruhusiwa kilo 30 kila mmoja, yaani kilo 660 kwa jumla, na mizigo yao yote ikijumlishwa haifiki hata kilo 600. Hata hivyo, mmoja wao anaambiwa apunguze kilo nne au azilipie. Kiongozi anaeleza kwamba wao ni kitu kimoja, na mhudumu wa kaunta anamjibu kwa upole kwamba kompyuta yake inamwona abiria mmoja mmoja.

Chanzo cha kwanza ni kutosoma tiketi. Kwenye tiketi ya kielektroniki, mstari wa mizigo huwa na namba inayofuatwa na herufi K, kama 30K, au namba inayofuatwa na herufi PC, kama 2PC. Ya kwanza inahesabu kilo, na mwenye nayo anaweza kuzigawa kwenye mabegi kadiri shirika lake linavyomruhusu. Ya pili inahesabu mabegi, na kila begi lina kikomo chake, ambacho kwa daraja la kawaida aghalabu huwa kilo 23. Mwenye 2PC aliyefunga begi moja la kilo 30 na jingine la kilo 10 amezidisha, ingawa jumla yake ni kilo 40 na ruhusa yake ni kilo 46, kwa kuwa nafasi iliyobaki kwenye begi moja haihamii kwenye jingine. Juu ya hayo upo ukomo wa kilo 32 kwa begi lolote, uliowekwa ili kulinda migongo ya wapakiaji, na ukomo huo mashirika mengi hayaulegezi hata abiria akiwa tayari kulipa.

Chanzo cha pili ni dhana kwamba watu wanaosafiri pamoja huunganisha kilo zao. Pale shirika linapokubali jambo hilo, hulikubali kwa abiria walio chini ya namba moja ya uhifadhi, wanaoishia uwanja mmoja na wanaofika kaunta kwa wakati mmoja. Yule aliyejiunga dakika za mwisho kutoka Mwanza na kujinunulia tiketi yake hayumo katika hesabu hiyo, hata kama jina lake limechapwa kwenye fulana za msafara. Zaidi ya hapo, begi linapopokelewa kwa jina la mtu mwingine, lebo huandikwa jina hilo, na likipotea au likikutwa na kitu kisichoruhusiwa, anayeulizwa ni mwenye jina.

Chanzo cha tatu ndicho kinachonisumbua mimi kuliko vyote, nacho ni vitu vya wote. Katika msafara mmoja niliousindikiza kutoka Tanga, bibi mmoja alikwama kwenye mizani: begi la kilo 23 lilikuwa na kilo 26.4. Tulilifungua sakafuni, saa kumi alfajiri, foleni ikitutazama. Chini ya madira yake tulikuta unga wa sembe kilo mbili, mfuko wa chumvi, pilipili manga, na mbuzi ya kukunia nazi iliyokunjwa na kuviringishwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Nilipomuuliza, alisema, “Mwanangu, hii si yangu, hii ni ya wote.” Nyuma yake, watu watatu mbele ya mwisho wa foleni, mama mwingine alikuwa na mbuzi ya pili, naye pia aliibeba kwa ajili ya wote. Kila mmoja alikuwa na nia njema, hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake, na hoteli tuliyokwenda haikuwa hata na jiko.

Ufumbuzi wake ni karatasi moja. Siku tano kabla ya safari, kiongozi aandike kila kitu cha pamoja, na mbele ya kila kitu aandike jina la mbebaji, uzito wake na begi kitakamoingia. Kitu kisichopata jina la mbebaji kisisafiri. Kisha kila msafiri aambiwe afunge begi lake la kilo 23 likomee kilo 20, ili kilo mbili ziwe za vitu vya pamoja na moja iwe ya tofauti ya mizani. Kwa watu 22, kilo mbili mbili ni kilo 44, ambazo zinatosha sanduku la dawa za huduma ya kwanza, vipaza sauti, bendera, majani ya chai na mengineyo. Sishauri kabisa kuwa na begi moja kubwa la msafara. Begi hilo hufungwa na watu sita, hubebwa na asiyelijua, na ndilo hufika kaunta likiwa na kilo 34.

Wanaoanzia Pemba, Unguja au mikoani kwa ndege ndogo wawe na hesabu yao peke yake, kwa sababu nyingi kati ya ndege hizo huruhusu kilo 15 tu na hupendelea mabegi laini yasiyo na fremu ngumu. Kama kipande hicho cha safari kimenunuliwa kwa tiketi tofauti, ruhusa ya kilo 30 ya safari ya Jedda haikisaidii.

Nyumbani begi lilikuwa na kilo 22, kaunta lina kilo 25

Mizani ya bafuni ikiwekwa juu ya zulia au mkeka husoma vibaya, kwa hiyo iwekwe kwenye sakafu ngumu. Mpimaji ajipime mwenyewe kwanza, ajipime tena akiwa amelibeba begi, kisha atoe. Mizani ya kuning’iniza ni bora zaidi na moja inatosha msafara mzima, ila ijaribiwe kwanza kwa kitu chenye uzito unaojulikana, kwa mfano mfuko wa sukari wa kilo tano ambao haujafunguliwa. Sababu nyingine ya tofauti hizi ni ile shali, jozi ya viatu na kopo la karanga vinavyoingizwa baada ya kupima, usiku wa mwisho, ndugu wakiaga.

Uzito ni halali, lakini begi linakataliwa

Tatizo hili hutokea zaidi wakati wa kurudi. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz wa Jedda haupokei mizigo ya mviringo, mizigo iliyofungwa kwa kamba, wala marobota ya nguo na mablanketi, kwa sababu mitambo inayosafirisha mizigo inahitaji kitu chenye upande bapa, na kamba zinazoning’inia hunasa kwenye mikanda. Begi la shangazi kaja lililojazwa mpaka likavimba kama puto na kuzungushiwa kamba ya katani lina kasoro zote mbili kwa pamoja. Aliyezoea kusafiri nalo kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya hupata taabu kuelewa kosa lake liko wapi, na hawezi kulaumiwa. Atahadharishwe mapema, kabla hajanunua, kwamba kinachotakiwa ni sanduku la matairi au boksi gumu lenye pembe nne lililozibwa kwa selotepu pana.

Pima pia ukubwa. Mashirika mengi huweka sentimita 158, zinazopatikana kwa kujumlisha urefu, upana na kina, matairi na mshikio vikihesabiwa.

Jina la msafiri linatangazwa karibu na muda wa kupanda

Abiria ameshapita ukaguzi na anasubiri kupanda, mara anaitwa chini kulifungua begi lake. Mara nyingi chanzo ni pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu, iliyofungwa ndani ya begi kubwa. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa tumboni mwa ndege, kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuuzima. Zinapaswa kukaa na abiria mwenyewe. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kwa kuwa pawabenki nyingi huandikwa mili-ampea tu, hesabu hufanywa hivi: zidisha mili-ampea kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Ya mili-ampea 20,000 ina wati-saa 74 na inapita. Ya 30,000 ina wati-saa 111, na hiyo huhitaji kibali cha shirika. Ile ambayo maandishi yake yamefutika huweza kuchukuliwa hata kama ni ndogo, kwa sababu mkaguzi hana pa kusoma. Baadhi ya mashirika ya Ghuba yameongeza masharti juu ya haya. Emirates, kwa mfano, tangu Oktoba 2025 inamruhusu abiria pawabenki moja na hairuhusu itumike ndani ya ndege.

Kwenye msafara tatizo hili huwa kubwa kuliko linavyostahili, kwa sababu kifaa hicho mara nyingi si cha mwenye begi. Ni cha kijana aliyeomba “niwekee humo, langu limejaa”, na mwenye begi anapoitwa hajui hata kimewekwa wapi. Betri za akiba za vipaza sauti vya kiongozi zimo katika kundi hilohilo, na zishikwe na kiongozi mwenyewe mkononi.

Kuna na vitu vingine ambavyo watu wetu hawavidhanii. Makaa ya kufukizia udi yanayojiwasha kwa kiberiti kimoja hayaruhusiwi kwenye ndege, si juu wala chini, na viberiti havifungwi ndani ya begi kubwa. Udi wenyewe hauna shida. Mikasi na nyembe za kupunguzia nywele baada ya Umra zikae kwenye begi kubwa, kwani mkononi zitachukuliwa.

Ihramu imo tumboni mwa ndege

Katika matatizo yote yaliyomo humu, hili ndilo lisilo na ufumbuzi likishatokea, na linawapata wanaume walio makini kabisa, waliozikunja vizuri shuka zao mbili za ihramu, yaani vazi la ibada hiyo, na kuziweka juu kabisa ya begi kubwa ili zipatikane haraka Jedda. Kwa anayetua Jedda kwanza kwa nia ya Umra, miqati, yaani mpaka wa kuingilia katika ihramu, hupitwa angani kabla ya kutua, na wanazuoni wengi wanaeleza kwamba anayeivuka bila kuingia katika ihramu hulazimika kurudi au kuchinja. Suala hilo la fiqhi, yaani sheria za dini, ni la shehe wa msafara. La mpangaji wa mizigo ni kuhakikisha kwamba shuka hazikai mahali ambapo mkono wa mwenyewe hauwezi kufika.

Chanzo chake huwa ni mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni kwamba shuka mbili za kitambaa cha taulo huweza kufika kilo moja au zaidi, na mashirika mengi yanayopita Afrika Mashariki na Ghuba huweka kikomo cha kilo 7 kwa begi la mkononi, huku begi lenyewe la matairi likiwa limeshakula kilo mbili au tatu. Msafiri akitafuta cha kupunguza, shuka ndizo huonekana kubwa. La pili ni ratiba iliyobadilika. Msafara uliopangiwa kuanzia Madina hauhitaji ihramu ndani ya ndege, kwa kuwa watu wake wataingia katika ihramu Dhul Hulaifa, nje ya Madina, wakielekea Makka kwa basi. Wiki moja kabla ya safari wakala hubadilisha tiketi ili msafara uanzie Jedda, watu wanafurahia kuanza na Makka, na hakuna anayekumbuka kwamba mabegi yalishafungwa kwa mpango wa zamani.

Kwa hiyo, kila ratiba inapobadilika, kiongozi aulize swali moja kabla ya mengine yote: shuka ziko wapi? Mwanamume avae ihramu yake nyumbani au uwanja wa kuondokea, akitaka aweke nia baadaye karibu na miqati, na asipotaka kuvaa mapema aweke shuka, mkanda na ndala kwenye mfuko mwepesi wa mgongoni usio na matairi, ambao hauzidi kilo moja ukiwa mtupu. Anayebadilishia Addis Ababa au Doha awe na mfuko huo mabegani tangu kaunta ya kwanza. Kiongozi naye abebe jozi mbili za ziada mkononi mwake. Katika msafara wa watu 22 sijawahi kurudi na zote mbili bila ya kutumika. Wanawake hawana vazi maalumu la ihramu, kwa hiyo hawana tatizo hili, na ndiyo sababu mara nyingi wao ndio huwa na nafasi ya kuwasaidia waume zao.

Mabegi yamefika, lakini mtu amechukua lisilo lake

Wakala wengi huwagawia wasafiri wao mabegi ya rangi moja yenye nembo moja. Yanapendeza kwenye picha ya pamoja uwanjani. Yakianza kuzunguka kwenye mkanda Jedda, yote 22 ni begi lilelile, na vijana wa msafara, kwa nia ya kuwasaidia wazee, huyashusha yote na kuyarundika pembeni kabla hayajatambuliwa. Mtu hugundua hotelini Makka, saa nane usiku, kwamba amefungua nguo za mtu mwingine. Akigundua kuwa mtu huyo si wa msafara wake kabisa, kazi inakuwa ya siku tatu.

Usilitegemee jina la msafiri lililoandikwa na wakala kwenye karatasi ndogo ya plastiki, kwani hung’oka njiani. Njia inayofanya kazi ni ya kishamba na ya bei nafuu: kipande cha kanga kifungwe kwenye mshikio, kila familia na kanga yake, kifupi kisichoning’inia. Mama hatambui namba 14 ya 22, lakini kanga yake anaitambua kwa mbali. Namba nazo ziandikwe kwa kalamu nene ndani ya kifuniko, pamoja na jina na simu ya kiongozi. Kila mtu apige picha ya begi lake likiwa limefungwa na picha nyingine likiwa wazi, kisha ailinganishe lebo ya mzigo na stakabadhi aliyobandikiwa kwenye pasipoti au kwenye kadi ya kupandia. Vijana washushe mabegi, lakini begi lisiondoke kwenye eneo la mkanda mpaka tarakimu zisomwe na zilingane.

Begi halikufika

Kabla ya kulaumu uwanja wa kati, angalia lebo. Herufi tatu kubwa juu yake ndizo uwanja wa mwisho wa begi: JED ni Jedda, MED ni Madina, ADD ni Addis Ababa, DAR ni Dar es Salaam. Kama lebo ya mtu mmoja iliandikwa ADD wakati za wenzake 21 ziliandikwa JED, begi lake limeshushwa Addis Ababa kama lilivyoagizwa. Hilo hutokea kwa yule aliyenunua tiketi mbili zisizounganishwa, na kaunta ndiyo mahali pa kuligundua, wakati mhudumu bado yupo mbele yako. Lebo za safari za zamani zilizoachwa kwenye mshikio nazo huupotosha mtambo unaosoma mistari, kwa hiyo zing’olewe zote, pamoja na vile vibandiko vidogo vinavyobandikwa ubavuni ambavyo watu huviacha kama kumbukumbu.

Likishakosekana kweli, msafara usitoke nje kuwahi basi. Mwenye begi na mtu mmoja wa kumsaidia lugha wabaki, wajaze fomu ya mzigo usiofika kwenye dawati la mizigo, na wapewe namba ya kumbukumbu. Kwenye fomu waandike anwani ya hoteli ya Makka na pia ya Madina pamoja na tarehe za kuhama, la sivyo begi litapelekwa Makka siku msafara uko Madina. Tanzania na Saudi Arabia zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999 wa usafiri wa ndege, na kwa mujibu wake malalamiko ya begi lililoharibika hutolewa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu lilipokabidhiwa. Likipita siku 21 bila kufika, huhesabiwa limepotea. Fidia ina ukomo kwa kila abiria, bila kujali idadi ya mabegi yake, na hapa ndipo wale waliojumlisha mabegi manne kwa jina la mtu mmoja hugundua ugumu wa kudai.

Kuhusu kinga, mume na mke, au mama na binti yake, wabadilishane jozi moja ya nguo kila mmoja kwenye begi la mwenzake, ili begi moja likichelewa pasiwe na aliyebaki na kanzu moja. Kwa watu wasio wa familia sishauri, kwa sababu forodhani kila mtu anapaswa kuweza kusema kwa hakika kilichomo ndani ya begi lake. Dawa za kila siku, miwani, fedha na pasipoti havikai kwenye begi kubwa kwa hali yoyote. Insulini, hasa, haipaswi kuganda, na tumboni mwa ndege huweza kuganda.

Begi limefika, lakini nguo zimeloa mafuta

Mafuta ya nazi ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo aliyeyafunga Lushoto asubuhi ya baridi ameyaona magumu kama siagi na akaridhika na kifuniko cha kupachika. Angani yalibaki yameganda. Yaliyeyuka ndani ya basi, kati ya Jedda na Makka, na yakatafuta njia yake. Asali na samli huleta tatizo la namna nyingine: chupa iliyojazwa nusu huwa na hewa, na hewa hiyo hutanuka shinikizo la ndani ya ndege linapopungua, ikakisukuma kifuniko. Chupa ya plastiki ikaminywe kidogo kabla ya kufungwa, kifuniko kizungushiwe selotepu, kisha iwekwe katikati ya nguo na si pembeni ya begi. Vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kwa kila chombo, bila kujali kama chombo kimejaa au kimebaki robo.

Dagaa na samaki wa kukaanga hawavuji, lakini harufu yao huhamia kwenye nguo za ibada za mwenye begi, na pia za jirani.

Begi moja limezuiwa forodhani na msafara wote unasubiri

Hapa niwe mkali kidogo. Kifurushi cha “mpelekee mwanangu yuko Jedda” kisipokelewe na msafiri yeyote isipokuwa kimefunguliwa mbele ya kiongozi, kikaonekana chote na kufungwa upya. Mirungi ni dawa ya kulevya kwa sheria za Saudi Arabia, iwe imekauka au mbichi, na sheria hizo ni nzito mno. Dawa za maumivu zenye tramadoli au kodeini, na pregabalini wanayopewa wagonjwa wa mishipa ya fahamu, zinadhibitiwa huko. Anayezitumia kwa haki aulizie utaratibu wa kibali mapema kupitia wakala, na awe na cheti cha daktari kinachotaja jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Vidonge vikae kwenye paketi zake za awali. Mazoea ya kuvimimina vyote kwenye kopo moja ili kuokoa nafasi hayaokoi chochote.

Kwenda begi lilifunga, kurudi halifungi

Anayeondoka na kilo 23 kamili amekwisha kuzidisha kwa safari ya kurudi, ingawa bado hajajua. Tende, miswala, mabaibui, kanzu za wajukuu na marashi havizuiliki, wala sioni sababu ya kuwazuia watu. Vyakula vya kwenda vipangwe ili viishe, na begi la pili, jepesi na la kukunjika lenye umbo la pembe nne, liwekwe bapa chini ya begi kubwa tangu mwanzo kwa wenye ruhusa ya mabegi mawili. Siku mbili kabla ya kurudi, kiongozi apite vyumbani na mizani yake ya kuning’iniza. Akipita siku ya mwisho atakuta maduka yameshamshinda. Zawadi zilizomo kwenye mifuko ya rambo zihamishwe, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017.

Maji ya Zamzam yana utaratibu wake. Mkononi hayapiti kwa sababu ya kikomo cha mililita 100, na kuyaficha ndani ya begi hakuruhusiwi: begi litafunguliwa na chupa zitatolewa. Yanayopokelewa ni yale ya lita 5 yanayouzwa uwanjani ndani ya boksi lililozibwa kiwandani, na boksi hukabidhiwa kaunta peke yake na kupewa lebo yake. Uliza mapema kama shirika linalihesabu ndani ya kilo zako au nje yake, kwa sababu lita 5 ni kilo 5 na ushee. Likishabandikwa lebo, mwenyewe aandike jina lake kwa kalamu nene kwenye pande mbili za boksi kabla halijaondoka kwenye mkanda wa kaunta. Dar es Salaam yatatokea maboksi 22 yaliyo sawa kabisa, wapokezi wakiwa wamejaa mlangoni na kila kijana akiwa na haraka ya kumbebea bibi yake. Kiongozi asimame mwisho wa mkanda na orodha, aweke alama mbele ya kila jina boksi linapochukuliwa, na awe yeye wa mwisho kuchukua la kwake.